Kichuguuni Hatusemi

Nyie vijana wa kuotesha uyoga mnaocheka huko nyuma, nimewaona. Yule mwenye kofia ya njano ananiigiza ninavyotembea. Vizuri, mwanangu, ila mguu ninaoburuza ni wa kushoto, wewe umeburuza wa kulia. Mtu ukitaka kumwigiza, kwanza umwangalie. Mimi maisha yangu yote nimefanya kazi mbili tu, kuchuma uyoga na kuigiza watu. Ya kwanza ilinilisha. Ya pili ilifanya nisialikwe kwenye harusi nyingi.

Shule sikwenda. Baba alisema, "Yustina akienda shule, mbuzi wachungwe na nani, na padri?" Alisema hivyo hivyo kwa pua, maana alikuwa mtu wa ugoro. Kwa hiyo haya yote nasema mimi, anaandika Asimwe, mjukuu wetu anayesoma chuo. Mkikuta mahali pamenyooka sana, hapo amenitia maneno yake. Asimwe, na hilo uliandike.

Nataka kuwasimulia habari ya maji ya uyoga, na nina sababu. Huyu Asimwe juzi kaja likizo, hajavua hata viatu, kaingia jikoni kwangu Nshamba akipiga kelele kama kuku aliyetaga: "Bibi! Bibi! Unajua uyoga una antioksidanti?"

Nikamuuliza, una nini?

"Antioksidanti!"

Nikadhani ni wadudu. Nikamwambia basi tuuoshe vizuri kabla ya kupika.

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanifafanulia, na sauti yake ya chuo, ile ya kuvuta maneno taratibu kama anamlisha mtoto uji: "Bibi, ona hilo bati. Likinyeshewa, likipigwa na hewa, linashika kutu. Mwili nao una kutu yake. Kwenye uyoga kuna vitu vinavyoipunguza hiyo kutu." Nikatazama bati langu. Nikamwambia ungekuja nayo hiyo dawa mapema, tungepaka huko juu.

"Na siyo hilo tu, Bibi. Ndani ya ngozi kuna kitu kinachotengeneza weusi. Huko maabara watu wanachukua uyoga wa kula, wanaukamua, yale maji wanayaweka kwenye kichupa pamoja na kile kitu. Kinapunguza kazi! Weusi hautengenezwi kama mwanzo."

Jamani, nilisimama. Magoti haya yanayogoma hata kwenye misa yalisimama yenyewe. Nikapiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio kuuliza nani kajifungua. Nikamwambia ni mimi! Maji yetu ya uyoga yamefika maabara! Tulikuwa tunayakamua kwa kitambaa cha kuchujia rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakati mama zenu hawajaota meno!

Haya. Sasa kaeni, na wewe mwenye kofia, kaa.

Aliyenifundisha kazi hii ni Ma Paskazia. Mwanamke mfupi, mweusi kama kahawa iliyokaangwa ikasahaulika jikoni. Alikuwa akiongea anabana jicho moja, na kila sentensi anaianza na "Sikiliza, mjinga." "Sikiliza, mjinga, uyoga wa kichuguu hauvutwi. Ukiuvuta unakuachia kofia mkononi, mguu unabaki chini." Unachimbua kwa kijiti, polepole, unaufuata mguu mpaka unapoingia kwa mchwa, unaukata, unafukia shimo. Usipofukia, mwakani usirudi hapo. "Sikiliza, mjinga, huo wa kwenye gogo siujui, na mimi nisichokijua sikili. Eti konokono kaula hajafa! Wewe ni konokono?" Hilo la konokono lishikeni hata leo. Na usibebe uyoga kwenye nailoni, unatoka jasho, ukifika Bukoba sokoni unanuka kama soksi za mwalimu. Kikapu, chini jani la mgomba, juu jani la mgomba.

Nyie mna raha. Mnaotesha wenu chumbani, kwenye mifuko ya maganda ya kahawa na majani makavu ya migomba, mnaumwagilia kama mtoto mchanga. Sisi tulikuwa tunautafuta kule rweya, kwenye mbuga ya majani, alfajiri baada ya mvua, na umande unatulowanisha mpaka kiunoni. Na tulikuwa na sheria moja kubwa: kichuguuni hatusemi.

Hatusemi kabisa. Hatusalimiani, hatuitikii tukiitwa, hata kupiga chafya unabana pua. Ma Paskazia alisema uyoga unasikia. Ukisikia watu wanapiga domo unarudi chini kulala. Na yeyote anayefika kichuguuni, hata kama amekuja kwa mambo yake mengine, sharti ainame achume na wenzake kimya mpaka kazi iishe. Akifungua mdomo, mwenye kichuguu anamfukuza na hamwiti tena. Chini ya mteremko kulikuwa na mmea wa mulamula, ule tunaopanda mpakani. Ukishavuka mulamula, ongea utakavyo.

Asimwe anasema uyoga hauna masikio. Sawa. Mimi nafikiri ilikuwa tu kuwazuia wanawake wa kijiji kingine wasijue kichuguu chetu kilipo. Lakini sheria ni sheria, na hii nusura itutoe roho.

Ilikuwa wakati wa vita. Wanajeshi wamejaa barabarani, watu wa kule ng'ambo ya mto Kagera wamekimbilia kwetu na magodoro kichwani, na mvua za vuli hizo zimeshuka, uyoga umechomoza kama vile haujasikia redio. Mimi na Ma Paskazia tukatoka. Tumeinama, tunachimbua, mara sauti nyuma yetu:

"Nani hapo?"

Kimya.

"Nani hapo! Jibu!"

Namwangalia Ma Paskazia. Kabana jicho. Maana yake, nyamaza, mjinga.

"Mikono juu!"

Mikono tukainua. Mkono wangu mmoja una kijiti, mwingine una uyoga mkubwa kama mwavuli. Nikageuka polepole. Kijana mwanajeshi, mtu wa pwani huyo, kiswahili chake kitamu kama anakuimbia, ila bunduki haiimbi. "Enyi kina mama, mwatoka upande gani? Semeni basi! Mbona hamsemi? Mabubu hawa? Yarabi, nimewapata majasusi mabubu!"

Ma Paskazia akainua mdomo akamwonyesha mulamula kule chini. Akachukua kikapu, akaanza kushuka. Mimi nyuma yake, mikono juu bado, uyoga juu bado. Mwanajeshi nyuma yangu na mtutu mgongoni kwangu, anatetemeka kuliko mimi. Tukashuka hivyo kama maandamano ya sikukuu. Tukavuka mulamula. Ma Paskazia akatua kikapu, akafuta mikono, akageuka akamwangalia yule kijana kwa upole.

"Haya, mwanangu. Umeamkaje? Ulikuwa unasemaje?"

"Nilikuwa nasema n'tawapiga risasi, mama!"

"Basi umefanya vizuri kungoja. Ungepiga kule juu ungeharibu uyoga."

Mimi nilikojoa. Asimwe, usilifute hilo. Kijana aliishia nyumbani kwetu anakula ndizi na uyoga wa karanga. Kwanza alikataa: "Kwetu twasikia uyoga huua." Ma Paskazia akala mbele yake vijiko vitatu, akajilaza chini akajifanya amekufa, halafu akafungua jicho moja: "Sikiliza, mjinga, chakula kinapoa." Alikula sahani mbili. Sijui kama alirudi kwao. Kila msimu wa uyoga namtaja.

Sasa maji.

Nimewaambia Ma Paskazia alikuwa mweusi kama kahawa. Lakini mikono yake! Kuanzia viwiko kushuka chini ilikuwa laini, imetulia, rangi ya ndizi iliyoanza kuiva. Uso wa bibi, vidole vya bibi harusi. Sokoni Bukoba wanawake walikuwa hawanunui kwanza, wanamshika mikono. "Waitu, mwenzetu, Ma Paskazia, unapaka nini?" Anawajibu, "Napaka kazi." Lakini baadaye, tukiwa tunakunja vikapu, akaniambia, "Yustina, na mimi nimejiuliza. Mikono hii kila siku imo kwenye maji ya uyoga. Tuyajaribu."

Ndiyo tukaanza. Miguu ya uyoga, ile migumu ambayo watu wa mjini hawaitaki, tunaiosha, tunaitwanga, tunakamua kwa kitambaa. Yanatoka maji meupe yenye utelezi kidogo. Vita imeisha, lakini dukani hakuna kitu, sabuni hakuna, mafuta ya kupaka hakuna, watu wanafulia majani ya mpapai. Ukimletea mwanamke kitu cha kupaka usoni, hakuulizi kimetoka wapi. Tulipeleka Kashai kwenye vyumba vya kupanga, tulipeleka Kamachumu siku za gulio.

Ila hatukujua kwamba yanachacha! Mke wa karani mmoja wa Kashai alichukua chupa yake akaiweka karibu na jiko, akaitunza, akaitunza, Jumapili ya sikukuu akajimwagia uso mzima na shingo. Akaingia kanisani, nzi wote wa Bukoba nyuma yake. Alipofika kupokea komunyo, padri ameinua mkono, "Mwili wa Kristo... sss! toka!... Mwili wa... sss!" Na yule mama kafumba macho, kafungua mdomo, anangoja. Jumatatu alitufuata sokoni. Maneno yake siyasemi, Asimwe bado mdogo. Kuanzia hapo tukajua kwamba ya asubuhi yanaisha asubuhi, ukilaza umelaza uozo. Nyie mnaosema mtatengeneza krimu za kuweka kwenye kopo, anzieni hapo kwa nzi.

Tulikuwa tunacheka hivyo, lakini miaka ile haikuwa ya kucheka. Ugonjwa ulishaingia, huu mnaouita UKIMWI. Mwanzoni hatukuwa na jina lake, wengine waliuita Juliana, jina la nguo nzuri za magendo zilizokuwa zinatoka Uganda. Ukipita njiani, kila kibanja kina kaburi la udongo mpya chini ya migomba. Hakukuwa na kipimo. Kipimo kilikuwa macho ya majirani. Walikuwa wanaangalia vitu viwili, amekonda, na ngozi imeharibika. Ukiwa na vipele, umeshazikwa, imebaki kuchimba.

Na hapo ndipo Kemi wangu akaharibika ngozi.

Kemi ni mtoto wa dada yangu. Dada alifariki Kemi akiwa anatambaa, nikamlea mimi. Msichana mrefu, mpole, mweusi mzuri wa kung'aa, na hakuutaka weusi wake. Kulikuwa na mama mmoja anafanya biashara ya samaki huko visiwani, anakuja na dagaa, chini ya dagaa kaficha vitu. Mdomo wake ulikuwa haukai: "Mdogo wangu, sabuni hii, ukiioga Jumatatu, Jumapili wanakuamkia kizungu!" Kemi akaichukua. Kwa sababu gani? Kwa sababu ya Deo. Deo wa Kamachumu, kijana wa biashara ya kahawa, watu wake wameshaleta pombe ya posa na tumeinywa, na kuna binamu mmoja kapita na maneno kwamba Deo alikuwa anampenda zaidi yule binti mweupe wa jirani.

Alioga. Kweli akawa mweupe, shavu kama papai. Halafu jua likampiga. Mabaka meusi yakamtoka mashavuni, meusi kuliko rangi yake ya kwanza. Mikononi na shingoni vipele vya kuwasha, anajikuna mpaka vinatoa maji. Basi majirani wakaanza, ile sauti ya huruma ya kukunja shingo: "Masikini Kemi. Naona kama amekonda, eeh?" Hakuwa amekonda! Akakonda baada ya kusikia hivyo, maana aliacha kula.

Mtu wa kwao Deo aliyekuwa anangojewa ni shangazi yake, Leokadia. Yeye ndiye alikuwa anakagua mabinti wa ukoo mzima. Mwanamke mkubwa, kitenge kimefungwa mpaka kidevuni hata jua likiwaka, na sauti inatoka chini kama ngoma: "Waitu, mimi sina maneno mengi. Nitakuja kumwona mtoto." Hasemi lini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuja usipomtarajia.

Akija akasema neno moja, harusi imekufa. Na siyo harusi peke yake. Siku zile ukishatajwa unapewa sahani yako, kikombe chako, mkeka wako nyuma ya nyumba, na hakuna anayekaa karibu. Kemi alilijua hilo. Alikaa pembeni ya jiko akaniambia, "Mama mdogo, kama ninao, nitakufa. Kama sina, watanifanya nife." 

Nilimpeleka kwa Ma Paskazia. Hakumwangalia usoni kama wengine. Alichukua mkono wake akaunusa. Akaunusa tena, juu mpaka kwenye kiwiko, kama mbwa wa polisi.

"Sikiliza, mjinga. Unaoga nini?"

Kemi akalia. Akaitoa sabuni kwenye pindo la kitenge. Sabuni yenyewe ilikuwa na harufu ya chuma kilicholowa.

"Maji yangu hayalali kitanda kimoja na sabuni ya mtu. Chagua."

Sabuni tukaitupa chooni. Kemi akakaa ndani, jua asilione, alfajiri tu anatoka na sisi kuchuma. Asubuhi na jioni anaosha uso na mikono kwa maji ya uyoga yaliyokamuliwa saa hiyo hiyo. Na anakula, Ma Paskazia amesimama juu yake na mwiko: uyoga na karanga, uyoga na maharage, mchuzi wa uyoga mkavu tuliokausha juu ya moshi. "Kula. Kufa na njaa ni uvivu." Vipele vikaanza kunyauka. Mabaka yakaanza kufifia pembeni, yanarudi ndani polepole kama mtu anayeona haya. Sikuamini. Kila asubuhi namwita mlangoni namgeuza huku na huku kwenye mwanga kama mtu anayekagua kahawa.

Sasa nani alimponya? Nimemuuliza Asimwe. Kasema, "Bibi, sabuni nyingi za namna ile zilikuwa na zebaki. Huenda kuiacha tu ndiko kulikomsaidia. Na kukaa kivulini. Na kula." Nikamwambia, kwa hiyo uyoga ulikuwa umekaa tu unatazama? "Sijui, Bibi. Vile vichupa vya maabara siyo uso wa mtu. Bado hatujajua ukipakwa inakuwaje." Ona! Nimekaa na swali hili miaka yote nikidhani nimechelewa, kumbe na wenye mashine hawajalimaliza! Limebaki lenu. Litafuteni upesi, mimi nataka kusikia jibu kabla sijalala chini ya mgomba.

Basi. Siku aliyokuja Leokadia, Ma Paskazia hakuwepo. Alikuwa Bukoba anamuuguza mwanae wa mwisho, wale wengine wawili tulishawazika. Alipoondoka aliniambia kichuguu ni changu mpaka arudi, na sheria zake zote.

Mvua ilinyesha usiku, alfajiri tukapanda mimi na Kemi. Kichuguu kimejaa, cheupe kama kimemwagiwa maziwa. Kemi amejifunua kichwa, amekunja mikono ya gauni mpaka juu, maana huwezi kuchimbua umejifunika. Mabaka yalikuwa yamepungua lakini yalikuwepo. Vipele vya shingoni vimekauka lakini alama zimebaki. Kukikucha kidogo, kila kitu kinaonekana.

Nikasikia majani. Nikainua kichwa. Leokadia.

Alikuwa amelala kwa jamaa zake hapo chini, kaambiwa tunakochumia, kapanda makusudi. Sebuleni tungemwekea Kemi gizani, amefunikwa, ameinamisha uso. Mwanamke yule alijua mabinti wanavyofichwa. Alitaka kumwona kwenye mwanga, bila khanga, bila mama mdogo wa kumsemea.

Akafungua mdomo. Nikainua kijiti, nikakiweka kwenye midomo yangu, nikamwonyesha chini. Na yeye ni mwanamke wa kwetu, ameshainama kichuguuni tangu utoto. Alifunga mdomo. Akakunja kitenge, akapiga magoti, akaanza kuchimbua. Upande wa pili wa Kemi, karibu kabisa.

Nyie mnanijua. Mimi mdomo wangu ni mto wakati wa masika. Maneno yalinijaa mpaka kwenye meno. Nilitaka kumwambia, ni sabuni! Ni sabuni tu, waitu, mtoto ni mzima, muulize Paskazia, nusa! Ningeweza kumwigizia yule mama wa visiwani, akaelewa. Nikamwangalia Kemi. Hakujifunika. Aliendelea kuchimbua na mikono yake yote nje kwenye mwanga. Nikasema moyoni, kama yeye anaweza, na wewe Yustina bana domo.

Leokadia alikuwa anaangalia uyoga mmoja, anaangalia mkono wa Kemi. Uyoga mmoja, shingo. Uyoga mmoja, shavu. Halafu akaacha kijiti. Akanyoosha mkono akakishika kiganja cha Kemi. Akakigeuza. Akakileta puani.

Alinusa, kama anayeitafuta ile harufu ya chuma kilicholowa.  Akapeleka vidole kidevuni, kwenye kile kitenge chake kinachofungwa hata jua likiwaka, akafungua fundo. Akakishusha.

Shingo yote, kuanzia masikioni mpaka kifuani, mabaka. Meusi, mazito, ya siku nyingi. Yale yale ya sabuni.

Tukaangaliana watu watatu kwenye kichuguu. Ndege wanaimba, hao hawana sheria. Leokadia macho yamejaa maji na mdomo umekaza, maana hata kulia ni kusema. Mimi sijui nilifikiri nini. Nilichukua uyoga, ule mpana, nikauminya kwa viganja viwili mpaka ukatoa maji yake, nikamwekea mkononi. Akajipaka shingoni. Taratibu, kila upande. Kemi akauminya mwingine akamsaidia sehemu za nyuma asizozifikia.

Halafu tukainama wote tukamaliza kuchuma. Tukafukia mashimo.

Tulishuka kimya, Kemi katikati. Tukavuka mulamula. Sasa unaweza kusema. Leokadia alitua kikapu, akafunga kitenge chake, safari hii chini ya mabega, akasafisha koo, ikatoka ile ngoma yake:

"Mimi sina maneno mengi. Huyu mtoto mmlishe. Harusini nataka aweze kucheza."

Kemi akaangua kicheko na kilio kwa pamoja, akapaliwa, tukampiga mgongoni. Halafu Leokadia akanigeukia: "Na hayo maji, Yustina, Kamachumu yanafikaje bila kuoza?" Nikamwambia hayafiki. Itabidi uje mwenyewe. Akaja, msimu hadi msimu, mpaka alipozeeka.

Kemi ndiye yule pale mlangoni anapeta maharage na kujifanya hasikii. Deo tulimzika uzeeni, kwa ugonjwa wa moyo, amezungukwa na wajukuu, na mmoja wa wajukuu hao ndiye huyu hapa anaandika na machozi yanamwangukia kwenye karatasi. Futa, mama, wino utaharibika.

Nimewaigizia wote leo. Baba na pua yake, mwanajeshi, padri, Ma Paskazia na jicho lake. Leokadia nimemwigiza ngoma yake, mmecheka. Lakini ile asubuhi yenyewe, pale alipofungua fundo, hiyo nimejaribu miaka yote mbele ya kioo na siipati. Haina sauti ya kuigiza.

Haya, inukeni. Jana mvua imenyesha, na nimeshachungulia rweya, kumechomoza. Mifuko yenu ya kahawa itawangoja. Asimwe, chukua vichupa vyako vya kupimia, leo tunawachukulia watu wa maabara uyoga wenyewe. Uliza maswali yako yote njiani, uliza mpaka uchoke. Tukifika kwenye mulamula, unafunga mdomo.